Namna ya Kuutembelea Mji wa Granada kwa Miguu

Wageni wengi wanaofika Granada, mji wa kusini mwa Uhispania uliokuwa makao ya dola ya mwisho ya Kiislamu katika nchi ile, huanza na kasri la Alhambra, hulizunguka mbiombio kwa saa tatu, kisha hukimbilia basi la kurudi Málaga kabla jua halijatua. Nguzo na vigae wameviona, lakini mji hawajauona. Mwongozo huu unashauri kinyume chake: siku ya kwanza itumike bondeni na kwenye kilima cha Albaicín, ambako watu waliishi, waliuza hariri, waliteka maji na kuamuliwa kesi zao, na Alhambra iachwe hadi asubuhi ya siku ya pili. Kasri lile lilikaa juu ya mji na kulishwa na mji, kwa hiyo mtu asiyejua kilichokuwa chini hawezi kuelewa kwa nini waliokaa juu walijizungushia kuta nene kiasi kile.

Msomaji wa Kiswahili ana ufunguo ambao watalii wengi hawana, nao ni sikio lake. Kihispania kiliishi na Kiarabu nyumba moja kwa karibu miaka 800, na Kiswahili nacho kilipokea maneno ya Kiarabu kupitia biashara na dini, kila lugha kwa njia yake. Matokeo yake ni kwamba azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, berenjena ni bilingani, alcázar ni kasri, zoco ni soko, alberca ni birika, na fulano ambaye Wahispania humtaja wasipotaka kutaja jina la mtu ni fulani wetu yuleyule. Ukitembea huku unasoma vibao vya mitaa kwa sauti ndogo, utaona kwamba majina mengi ya Granada yanajieleza yenyewe.

Historia unayohitaji kuibeba kichwani si ndefu. Majeshi ya Waislamu yalivuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711. Granada ilipata kuwa mji mkuu wa ufalme katika karne ya 11 chini ya ukoo wa Banu Ziri, Waberiberi wa Afrika Kaskazini waliojenga juu ya kilima cha Albaicín. Baada ya Córdoba, mji mkuu wa zamani wa Waislamu, kutekwa na Wakristo mwaka 1236, Muhammad ibn Nasr aliingia Granada mwaka 1238 na kuanzisha utawala wa Banu Nasr, uliodumu hadi tarehe 2 Januari 1492, siku ambayo Muhammad XII, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji kwa Malkia Isabel na Mfalme Fernando. Karibu kila jiwe utakaloliona liliwekwa na mmoja wa hawa: Banu Ziri, Banu Nasr, au Wakristo waliokuja baada yao na mara nyingi wakajenga juu ya kazi ya waliotangulia.

Maandalizi kabla ya safari

Jambo la kwanza kulishughulikia, hata kabla ya chumba cha kulala, ni tiketi ya Alhambra. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwa siku ina kikomo, na katika miezi ya wageni wengi tiketi huisha siku nyingi kabla. Nunua kwenye tovuti rasmi ya Alhambra yenyewe, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na uibebe pasipoti hiyo siku ya ziara kwa sababu hukaguliwa pamoja na tiketi. Tiketi ya kawaida hukuruhusu kuingia ngome ya Alcazaba, majumba ya Banu Nasr na bustani za Generalife. Lakini majumba hayo huingiwa kwa saa maalumu iliyochapwa kwenye tiketi, na anayechelewa hukataliwa. Hapa nawaonya hasa tuliozoea kuhesabu saa za Kiswahili: 10:30 iliyoandikwa pale ni saa nne na nusu asubuhi. Si kichekesho, kwa kuwa akili iliyochoka na safari hurudi kwenye mazoea yake.

Ipo pia tiketi ya pamoja iitwayo Dobla de Oro, iliyopewa jina la sarafu ya dhahabu, ambayo juu ya Alhambra huongeza majengo kadhaa ya Kiislamu yaliyo mjini. Kwa anayefuata njia ninayoieleza hapa, tiketi hiyo inafaa kuliko ile ya kawaida.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen, na aombe mapema. Kutoka Madrid, treni ya mwendo kasi imefika hadi Granada tangu mwaka 2019 na huchukua saa tatu na nusu hivi; kutoka Málaga, basi hukufikisha kwa muda usiozidi saa mbili. Tafuta malazi karibu na Plaza Nueva, kwa kuwa ndipo njia zote za ziara hii zinapokutana.

Chukua viatu vyenye soli isiyoteleza. Vichochoro vya Albaicín vimesakafiwa kwa kokoto za mtoni zilizopangwa kwa nakshi nyeusi na nyeupe, nazo hupendeza machoni kuliko zinavyoupendeza mguu, hasa zikilowa. Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, na mwenye kudhani kwamba aliyezaliwa Mombasa au Dar es Salaam halimsumbui joto atashangazwa na ule ukavu wake. Desemba na Januari ni baridi kweli, kwa maana mji uko takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake milima ya Sierra Nevada imevaa theluji.

Asubuhi ya kwanza: sokoni, bondeni

Anza saa tatu asubuhi kwenye uwanja wa Plaza Isabel la Católica. Katikati yake kuna sanamu ya malkia akiwa na Kristofa Kolumbasi, ukumbusho kwamba mapatano ya safari ile ya kuvuka Atlantiki yalitiwa saini Santa Fe, kambi ya kijeshi iliyojengwa jirani kwa ajili ya kuizingira Granada, miezi michache tu baada ya mji kuanguka. Usikae sana. Chini ya barabara unayosimama, mto Darro unapita gizani; ulifunikwa ili ipatikane nafasi ya njia na viwanja, na utakutana nao ukiwa wazi baadaye.

Hatua chache kutoka uwanjani, katika uchochoro mfupi, kuna jengo liitwalo Corral del Carbón. Lilijengwa katika karne ya 14 likiwa nyumba ya wageni na ghala la wafanyabiashara, chini wanyama na bidhaa, juu vyumba vya kulala, katikati ua wenye maji. Jina la sasa linatokana na wauza makaa waliolitumia baada ya Waislamu kuondoka. Tazama lango lake kwa makini, tao la kiatu cha farasi, maandishi ya Kiarabu juu yake, na dari ya ndani ya lango yenye vijumba vilivyopangana kama sega la nyuki. Nakshi hiyo inaitwa mukarnasi, na utaiona tena kwenye Alhambra ikiwa imekuzwa mara nyingi. Kuijua hapa kwanza, kwenye jengo la watu wa kawaida ambalo kuliingia hakuna malipo, kuna faida yake.

Vuka barabara uingie Alcaicería. Wakati wa Banu Nasr hapa palikuwa soko la hariri, bidhaa iliyoiletea Granada utajiri wake mkubwa, na lilikuwa na malango yaliyofungwa usiku. Jina lake ni al-Qaysariyya ya Kiarabu, lililotokana na Kaisari. Lakini msomaji asidanganyike na matao anayoyaona: soko la asili liliteketea kwa moto mwaka 1843, na hivi vichochoro ni ujenzi mpya ulioiga wa kale. Bidhaa nyingi zinazoning'inia pale hazikutengenezwa Granada. Ukitaka kitu cha mji huu, uliza kazi ya mbao iitwayo taracea, ambamo vipande vidogo vya mbao za rangi mbalimbali, mfupa na lulumizi hupachikwa kuwa nakshi za nyota. Masanduku ya namna hiyo hayatakuwa mageni kwa mtu aliyekulia karibu na mafundi wa Lamu au Unguja.

Alcaicería hutokea kwenye uwanja wa Bib-Rambla. Jina hilo ni Bab al-Ramla, Lango la Mchanga, na neno la mchanga ndilo lililotuletea ramli, elimu ya kubashiri kwa kuchora mchangani. Leo ni uwanja wa wauza maua na mikahawa. Inasimuliwa kwamba hapa ndipo vitabu vya Kiarabu vilipochomwa kwa amri ya Kadinali Cisneros, miaka michache baada ya mkataba uliowaahidi Waislamu wa Granada kwamba dini yao, misikiti yao na sheria zao zisingeguswa. Kunywa kahawa kama unataka, lakini usile hapa. Bei ni ya wageni.

Rudi nyuma hadi mtaa mwembamba wa Oficios. Upande mmoja kuna Madraza, chuo kilichofunguliwa mwaka 1349 na Sultani Yusuf I, na upande wa pili Capilla Real, kanisa la makaburi ya wafalme. Nje Madraza inaonekana kama jengo la Kizungu la karne ya 18, na ndivyo lilivyo. Ingia, kwa kuwa ndani kimebaki chumba cha sala chenye kibla, kuta zake zikiwa zimefunikwa kwa lipu iliyochongwa maua na maandishi. Jengo sasa ni mali ya Chuo Kikuu cha Granada.

Nasimama kidogo hapa kwa sababu ya mtu mmoja. Mwaka mmoja hivi baada ya chuo hiki kufunguliwa, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja Granada. Sultani alikuwa mgonjwa, hawakuonana. Katika bustani ya mwenyeji wake alikutana na kijana msomi wa mji huu, Ibn Juzayy, aliyekaa kumsikiliza akisimulia nchi alizoziona. Miaka kadhaa baadaye, wote wawili wakiwa Fez, sultani wa Moroko aliamuru masimulizi hayo yaandikwe, na aliyeshika kalamu alikuwa Ibn Juzayy. Basi ile habari ya Mombasa yenye ndizi na samaki na misikiti ya mbao, pamoja na sifa za Kilwa na ukarimu wa sultani wake, ambayo kila mwanafunzi wa historia ya pwani yetu ameisoma, imetufikia kwa mkono wa mtu wa Granada.

Sasa ingia Capilla Real. Isabel alifariki mwaka 1504 akiwa ameagiza azikwe katika mji alioushinda, na kanisa hili likajengwa kati ya mwaka 1505 na 1517. Juu utaona makaburi ya marumaru yaliyochongwa kwa ustadi. Shuka ngazi chache chini yake, na utakuta majeneza ya risasi meusi, hayana pambo lolote. Mwaka 1505 ndio uleule ambao Francisco de Almeida, Mreno ambaye huko nyuma alipigana upande wa Wakastilia, watu wa ufalme wa Isabel, katika vita vya Granada, aliziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa. Nje, kanisa kuu lililo jirani lilianza kujengwa mwaka 1523, na sehemu yake iitwayo Sagrario ndiyo iliyokalia mahali pa msikiti wa Ijumaa. Karibu na mlango wake mara nyingi husimama watu wanaompa mgeni kijitawi cha rosemari na kumtabiria mambo mema. Ukikipokea utadaiwa pesa, kwa hiyo shukuru na uendelee na njia yako.

Mchana: kando ya Darro

Kula mapema kwa kipimo cha Wahispania, yaani saa saba au saa nane mchana, kwa kuwa maduka mengi hufungwa saa nane na kufunguliwa tena saa kumi na moja jioni. Granada ina desturi nzuri iliyopotea katika miji mingi ya nchi ile: ukiagiza kinywaji, hata maji au soda, mara nyingi huletewa sahani ndogo ya chakula bila malipo. Asiyekula nguruwe aseme mapema «sin cerdo, por favor», maana nyama hiyo iliyokaushwa hutiwa hata pale usipoitarajia. Bilingani za kukaangwa na kumiminiwa asali ya miwa hazina shaka hiyo, na ni tamu.

Kutoka Plaza Nueva fuata mtaa wa Carrera del Darro. Hapo mto unaonekana kabla ya kuzama chini ya uwanja, ukiwa kijito chembamba, na kwa nusu kilomita utatembea nao upande wako wa kulia, Alhambra ikiwa imekuning'inia juu ya kichwa. Baada ya madaraja mawili madogo ya mawe, tazama ng'ambo: kuna kipande cha mnara na mwanzo wa tao la kiatu cha farasi lililokatika hewani. Hilo ni daraja la Puente del Cadí, yaani la kadhi, lililounganisha Albaicín na ngome katika karne ya 11.

Mkabala nalo kuna Bañuelo, hamamu la umma linalohesabiwa kuwa miongoni mwa majengo ya kale zaidi mjini. Mahamamu mengi ya Andalusia yalibomolewa baada ya Wakristo kushika nchi. Hili lilisalimika chini ya nyumba ya mtu. Usilipite. Ndani ni vyumba vinne vya kufuatana, cha kuvulia nguo, cha baridi, cha vuguvugu na cha moto, vikiangazwa na matundu ya nyota yaliyotobolewa kwenye dari, na mchana mwanga hushuka kwa mistari kama nyuzi. Angalia vichwa vya nguzo: havifanani, kwa kuwa mafundi waliokota vya Warumi, vya Wavisigothi waliotawala kabla ya Waislamu na vya enzi ya Ukhalifa wa Córdoba wakavitumia upya. Nusu saa inatosha, na kwa maoni yangu ni nusu saa bora ya siku ya kwanza.

Mtaa unafunguka kwenye uwanja mrefu uitwao Paseo de los Tristes, Matembezi ya Wenye Huzuni, kwa sababu maziko yalipita hapa kuelekea makaburini. Pumzika, jaza chupa ya maji, kisha upande Cuesta del Chapiz upande wa kushoto. Anayeona mlima umemshinda apande mabasi madogo yanayozunguka Albaicín, hakuna aibu.

Jioni: juu Albaicín

Aliyelelewa Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu hatapotea hapa, au tuseme atapotea kwa utulivu. Mpango ni uleule wa vichochoro vyembamba vinavyotengeneza kivuli, kuta ndefu zisizo na madirisha upande wa nje, na maisha yote yakiwa uani. Nyumba zenye bustani ndani ya kuta huitwa carmen, kutoka neno la Kiarabu la mzabibu. Hutaingia nyingi kati ya hizo, lakini yasmini na maua ya mchungwa vitakuambia zilipo.

Kituo cha kwanza ni kanisa la El Salvador, lililojengwa mahali pa msikiti mkuu wa Albaicín. Kilichobaki ni ua wa kutawadhia na matao yake. Kutoka hapo pita uwanja wa Plaza Larga, ambako wenyeji hununua mboga asubuhi, uvuke lango la kale la Arco de las Pesas, ambalo njia yake imepindishwa kwa makusudi ili adui asiingie kwa kasi, na utatokea kwenye uwanja wa San Nicolás.

Mandhari ya pale ndiyo iliyo kwenye kila kadi ya posta: Alhambra nzima mbele yako ng'ambo ya bonde, nyekundu kama jina lake linavyosema kwa Kiarabu, na nyuma yake Sierra Nevada. Kilele kirefu zaidi cha milima hiyo, chenye takriban mita 3,479, kinaitwa Mulhacén kwa jina la Mulay Hasan, baba wa Boabdil. Jua linapotua, uwanja hujaa hadi hakuna pa kuweka mguu, na mikono ya wezi huwa na kazi. Ushauri wangu ni kusogea hatua chache hadi msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wa kwanza kujengwa mjini kwa ajili hiyo tangu mwaka 1492. Bustani yake iko wazi kwa umma, Alhambra inaonekana vilevile, na hapana kelele. Vaa kwa heshima, na usipite mbele ya wanaosali.

Kisha fuata maji. Kilima hiki hakina chemchemi ya kukitosheleza, kwa hiyo Waislamu walichimba mfereji wa Aynadamar, Chemchemi ya Machozi, ulioleta maji kutoka Alfacar, kijiji kilichopo vilimani kaskazini-mashariki, na kuyagawa kwenye mabirika ya umma yaliyojengwa karibu na kila msikiti. Zaidi ya ishirini ya mabirika hayo bado yapo. Utayatambua kwa tao la matofali lililo ukutani, mara nyingi kando ya kanisa lililochukua nafasi ya msikiti. Kubwa kuliko yote, Aljibe del Rey, liliweza kubeba mita za ujazo 300 hivi. Kanuni ni rahisi: ukiona birika mahali pasipo na kanisa wala msikiti, jiulize ni kipi kilichobomolewa.

Jirani na birika hilo kuna Dar al-Horra, jumba dogo la karne ya 15 alimoishi Aisha, mama yake Boabdil. Dar ni ile ya Dar es Salaam, na horra ni neno lililotupa huru. Jina zima ni nyumba ya mwanamke muungwana. Lilinusurika kwa kuwa Isabel alilijumuisha katika nyumba ya watawa aliyoianzisha. Saa zake za kufunguliwa hubadilika kwa majira, kwa hiyo zithibitishe asubuhi, na zikiwa za mchana tu, badili mpango upitie hapa kabla ya San Nicolás. Ukishuka, utaona kanisa la San José lenye mnara wa kengele ambao ni mnara wa msikiti wa enzi ya Banu Ziri, na chini zaidi mtaa wa Calderería, wenye mikahawa ya chai ya nanaa na vitafunio vya Kimoroko. Hapo unaweza kuimaliza siku.

Siku ya pili: Alhambra

Toka mapema upande Cuesta de Gomérez kutoka Plaza Nueva. Lango la kwanza ni Puerta de las Granadas, Lango la Makomamanga. Granada ni komamanga kwa Kihispania, na tunda hilo limechongwa juu yake kama lilivyochongwa kwenye vizuizi vya njia mji mzima. Chagua njia ya kushoto msituni na baada ya dakika kumi na tano hivi utafika lango lililojengwa na Yusuf I mwaka 1348, Puerta de la Justicia, Bab al-Sharia kwa Kiarabu. Sheria ni ileile. Juu ya tao la nje umechongwa mkono, na juu ya tao la ndani ufunguo.

Panga ziara kwa kuizunguka saa iliyo kwenye tiketi yako. Ukiwa na nafasi kabla yake, ingia Alcazaba, ngome ya askari, upande mnara wa Torre de la Vela. Kutoka juu utaona njia yote uliyoitembea jana, na kwa mara ya kwanza utaisoma kama ramani. Jumba la Charles V, mfalme aliyekuwa mjukuu wa Isabel na Fernando, lililoanzwa mwaka 1527, ni mraba nje na duara ndani. Wengine hulilaani kwa kukaa kwake kifua mbele katikati ya kasri la Waislamu, lakini ua wake ni kazi nzuri, na kuingia hakulipiwi.

Simama kwenye foleni ya majumba ya Banu Nasr dakika kumi kabla. Ndani, kosa la kawaida ni kutembea huku simu imeinuliwa. Fanya mambo matatu. Kwanza, tafuta maneno «wa la ghaliba illa Allah», hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, kaulimbiu ya ukoo huu, iliyorudiwa kwenye kuta mara zisizohesabika. Anayejua herufi za Kiarabu ataitambua katika chumba cha kwanza na haitamwacha hadi mwisho. Pili, angalia maji kabla ya kuta. Katika Ua wa Mihadasi, birika refu limetulia kama kioo ili liubebe mnara wa Comares kichwa chini. Katika Ua wa Simba, maji yanatembea kwa mifereji minne kutoka kwenye tasa linaloshikiliwa na simba 12 wa marumaru, katikati ya nguzo 124. Waziri Ibn Zamrak aliandika shairi lililochongwa ukingoni mwa tasa hilo, akisema kwamba maji na marumaru yamefanana hata mtu hajui kipi kinachotiririka. Tatu, inua kichwa. Dari ya Ukumbi wa Mabalozi imeunganishwa kwa vipande vya mbao zaidi ya 8,000 kuwa mbingu saba zenye nyota, na chini yake imeandikwa Suratul Mulk. Katika Ukumbi wa Dada Wawili, mukarnasi uliyoiona langoni kwa wafanyabiashara imekuwa kuba zima.

Ukitoka, pita bustani za Partal bila haraka, kisha uelekee Generalife, Jannat al-Arif, shamba la mapumziko la masultani. Mfereji unaokata ua wake wa kati ni ule wa kifalme, uliochukua maji ya Darro kilomita sita hivi juu ya mto na kuyafikisha kilimani kwa mteremko mdogo usioonekana kwa macho. Panda hadi Escalera del Agua, ngazi ambayo vishikio vyake vya pembeni ni mifereji ya wazi, maji yakishuka mkononi mwako unapopanda. Weka mkono ndani. Hakuna kinachokatazwa hapo.

Wakati wa kurudi usishuke kwa njia uliyopandia. Karibu na mlango wa tiketi inaanza Cuesta del Rey Chico, njia ya miguu yenye mteremko mkali inayopita kati ya kuta za Alhambra na Generalife, yenye kivuli, na mara nyingi huna wa kupishana naye. Magoti yanayouma yaikwepe. Hutokea kwenye daraja dogo la Aljibillo, mwisho wa Paseo de los Tristes, na kutoka hapo ni dakika kumi kando ya mto hadi Plaza Nueva, ukipita tena penye daraja lililokatika la kadhi.